Gunia Lililoshonwa kwa Leso

Busia, jioni ya kuamkia safari yako

Shamimu mwanangu,

Hali yako sina haja ya kuiuliza, maana nimekuona saa kumi ukinywa chai kwa kununa. Umekunywa vikombe viwili. Mtu aliyenuna kwelikweli hanywi cha pili, kwa hiyo nina matumaini. Sasa hivi umekwenda Sikuda kumuaga bibi yako, baba yako yuko mpakani anapakia lori la mwisho la leo, na mdogo wako Sadiki amelala juu ya magunia kama kawaida yake. Nimechana karatasi hizi kwenye daftari lake la hesabu. Usimwambie.

Watu huwaandikia watoto wao barua wanapokwenda Dubai, au Juba. Wewe unakwenda Tororo kusomea uuguzi. Siku ya hewa safi, ukiwa shambani kwetu Sikuda, unauona mwamba wa Tororo kule mbali, na mimi hapa naandika kama nakupeleka mwezini. Cheka tu. Barua hii nitaichomeka katikati ya nguo zako, utaikuta ukifungua begi kwa shangazi yako.

Mambo ya kufunga mlango, kuanika mashuka na kutokopa vocha kwa watu sikuandikii. Shangazi Rehema atakwambia yote hayo, tena atakwambia mara saba, ni dada wa baba yako, unamjua. Mimi nataka tuzungumze ya Jumapili, kwa sababu tangu siku hiyo unaniitikia "ndiyo Mama" na "hapana Mama" kama mtu aliye mbele ya hakimu, na mimi sitaki uondoke hivyo.

Jumapili ulikaa hapo mlangoni, ukayatazama magunia yetu matatu, ukasema, "Mama, hii gunia tatu tukiuza, pesa ya hosteli ya muhula ya kwanza inatosha."

Nikasema, "Hayauzwi."

"Kwani yanakaa kufanya nini? Sadiki analalia!"

"Yanakaa kuliwa."

Ukamgeukia baba yako, naye, shujaa wangu, akasema, "Mimi niulizeni mambo ya lori. Mahindi ni ya mama yenu." Akavaa viatu akatoka.

Hapo ndipo ulipoyasema yale. "Wewe na Baba nawaona mnafanya kazi tangu mimi niko mtoto. Kila siku, hata Idi. Na bado sukari tunapima na kijiko. Kwani mnakosea wapi?" Halafu ukasimama, na ulipofika nje ukaongeza lile la mwisho, kwamba Mama anapenda mahindi kuliko mimi.

Lile la mahindi nitalirudia. Nianze na hili la tunakosea wapi. Ni swali zuri. Lilinigusa mahali pabaya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza, tena kwa sauti, katikati ya soko, watu wakinitazama.

Ulikuwa darasa la nne. Mwaka ule mvua ilikubali, na kale kashamba alikotuachia babu yako kakatoa magunia saba. Sijaona saba tena. Nilianika mahindi uani mpaka wapangaji wenzetu wakalalamika kwamba hawana pa kupita kwenda chooni. Unakumbuka tulivyoshona? Wewe ulishika mdomo wa gunia, mimi nikapitisha shazia, ile sindano yetu nene. Wengine wanashonea kamba ya nailoni. Mimi nilishonea vipande vya leso yangu ya harusi, nyekundu yenye weusi, iliyokuwa imechakaa hata haifai kubebea mtoto. Mama yangu alifanya vivyo hivyo. Hapa mpakani magunia yote yanafanana na yanapita mikono mingi, kwa hiyo mwanamke anayejiheshimu ana mshono wake ili la kwake lisipotee. Wetu ni mishono mitatu ya kupishana halafu fundo, mitatu tena halafu fundo. Wewe nilikuachia mafundo. Ulikuwa umejifunza kufunga viatu mwaka ule, basi kila fundo ulilifunga kama kamba ya kiatu, na masikio mawili yamesimama. Nikakuacha. Yalikuwa yanapendeza.

Wiki hiyohiyo shule ikasema ada ilipwe kabla ya muhula kufunguliwa. Na wiki hiyohiyo akaja Mama Nafula, yule mama mcheshi wa upande wa Kenya anayenunua nafaka huku kwetu wakati wa mavuno, na vijana wake wenye baiskeli.

"Mulembe, Mama Shamimu! Nasikia Mungu amekukumbuka."

"Amenikumbuka. Bei je?"

"Bei ni ya kila mtu. Wiki hii kila nyumba inauza, hapa, Mwello, Iyolwa, kote. Ukitaka kungoja ipande, ngoja."

Sikutaka kungoja. Ada haingoji, na tena nilikuwa na hoja zangu. Nilimwambia baba yako kwamba mahindi ndani ya nyumba yanakaribisha panya na wadudu, lakini pesa haina mdudu. Nilijisikia vizuri sana nilipoisema. Akaniambia nina akili. Tukauza yote saba.

Nisikudanganye, ilikuwa siku tamu. Tulilipa ada yako yote kwa mkupuo, kitu ambacho hatukuwahi kufanya. Tulikununulia viatu vyeusi, ukalala navyo. Tulipika pilau ya nyama, jirani wakaja wenyewe kwa harufu. Mimi nikanunua leso mpya. Mtu akiniuliza siku zangu za furaha, ile ipo, tena iko juu. Kwa hiyo usinihurumie unaposoma yaliyofuata.

Yaliyofuata ni mwezi wa tano. Mahindi yako shambani, yamefika kiunoni, hayaliki. Kila nyumba inanunua. Na baba yako akaangukiwa na mfuko wa saruji mguuni wakati wa kupakia. Unajua mpakizi analipwa kwa lori. Hakuna lori, hakuna pesa, na mguu uliovimba haupandi lori. Mwenye mzigo alimnunulia soda akampa pole, na kweli alikuwa na huruma, alimshika mpaka kwenye kivuli. Baba yako alikaa ndani wiki tatu akitazama dari na kunifundisha kupika.

Nikachukua chupa ya chai na ndoo ya mandazi, nikavuka. Nilikuwa nauzia madereva wa malori kwenye ile foleni ya upande wa Kenya. Mandazi yangu ya iliki unayajua, hayakuwa yakirudi nyumbani. Lakini wale wananilipa pesa ya Kenya. Ningeweza kubadilisha na kununua chakula huku kwetu, ila kila ukibadilisha kuna anayekata chake, na pesa ikiwa ndogo unakiona kabisa kinachokatwa. Basi nikawa nanunua mahindi hukohuko sokoni, gorogoro moja kwa siku, ule mkebe wa kilo mbili wanaopimia, nikirudi nayapitisha kinuni.

Siku moja nikasimama kwenye kibanda cha Mama Nafula. Gunia lililokuwa mbele lilikuwa limeisha, akaingia nyuma akavuta jingine, lile la chini kabisa. Nikaona wekundu. Mishono mitatu, fundo. Mitatu, fundo. Na yale masikio mawili, Shamimu, yamebanwa na uzito wa miezi yote ile lakini bado yanaonekana.

Nikauliza bei. Akataja. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyonipa mimi.

"Mama Nafula," nikamwambia, "haya ni mahindi yangu."

Akayatazama, akanitazama mimi, akautambua mshono. "Yalikuwa yako," akasema. "Yakawa yangu. Ukinunua yanakuwa yako tena."

Hapo ndipo nilipouliza swali lako. "Sisi tunakosea wapi, jamani?" nikapaza sauti, na wauza nyanya wote wakageuka. Halafu nikaanza kucheka. Sikujua kama ni kicheko cha kweli mpaka nikasikia tumbo linauma. Mama Nafula naye akacheka, kisha akaacha, akaniwekea kigoda.

"Usinione mbaya," akasema. "Hiyo miezi yote nimelipa stoo. Nimelipa dawa ya wadudu. Nimelipa watu wa kubeba, labda hata mzee wako alibeba. Mathe, mimi sina akili kukushinda. Mimi niko na stoo tu. Niliweza kungoja."

Akaufumua mshono polepole bila kuukata, akanikunjia kipande cha leso mkononi. "Chukua kamba yako." Akajaza gorogoro mpaka ikawa na kilima juu. Nikarudi nyumbani na kilo zangu mbili na kilima.

Jioni nikamuuliza baba yako. Akafikiri, akakumbuka. Ndiyo, mwezi wa nane alipakia lori la Mama Nafula, magunia mengi, hakuangalia mishono. Alilipwa vizuri, na pesa ile tulinunua mchele. Tukatazamana. Halafu mzee wako, mguu juu ya mto, akasema, "Basi tumekula mara mbili." Nilitaka kumpiga na mwiko.

Sasa unaona kwa nini swali lako halikunikasirisha? Nililibeba miaka yote hii. Na jibu nililopata si kubwa, ni la mama wa mandazi, lakini ndilo nililonalo.

Sisi hatuwezi kungoja. Basi. Kazi tunafanya, na wavivu katika uzio wetu huu nimewatafuta siwapati, labda Sadiki. Lakini pesa yetu inaingia kwa siku na inatoka kwa siku, na vitu vya bei nafuu vinamtaka mtu mwenye pesa ya mwezi. Angalia mafuta ya kupikia. Tunanunua kifuko kile cha fundo, kwa sababu pesa ya leo inatosha kifuko. Pesa ya vifuko vya wiki mbili ingetosha kununua chupa na ingebaki ya chumvi. Tunajua. Ulidhani hatujui? Lakini chupa inataka pesa ya wiki mbili asubuhi moja, na asubuhi hiyo haijafika. Chumba chetu hiki nacho, kile cha nyuma ya msikiti kilikuwa kikubwa na kodi yake ndogo kuliko hii, ila mwenyewe alitaka ya miezi sita mbele. Nilikwenda kukitazama mara mbili, nikapima hata pazia.

Na ile homa ya Sadiki, ulikuwa mkubwa, unaikumbuka. Nilinunua nusu ya vidonge kwa kuwa nilikuwa na nusu ya pesa, akapata nafuu, nikafurahi. Wiki iliyofuata ikarudi na nguvu, nikanunua dozi nzima. Homa moja nikailipia mara moja na nusu, na mtoto akateseka mara mbili. Hilo ndilo ninaloliita kosa langu, mengine siyaiti hivyo. Hilo la vidonge bado linaniuma.

Wewe unakwenda kuwa muuguzi. Siku moja utakuwa kwenye dirisha la dawa, na mama mmoja atakuja akuombe nusu. Mweleze, ndiyo, mweleze vizuri. Lakini usimgombeze. Mimi aliyenigombeza siku ile alikuwa anasema kweli tupu, na sikurudi tena kwenye dirisha lake.

Basi turudi kwenye mahindi. Mwaka uliofuata baada ya Mama Nafula nikaapa siuzi. Nikaweka mawili, kwa kiburi, bila kuyakausha vya kutosha, yakaota ukungu, kuku wa jirani wakanenepa. Mwaka mwingine bibi yako akalazwa, yakaenda yote, na hilo ningelirudia kesho bila kufikiri. Mwaka mmoja nilifika na gunia moja hadi mwezi wa tatu. Wewe hukuona, ulikuwa na mambo yako ya shule, lakini mama yako alikuwa anatembea sokoni kwa maringo, anauliza bei ya gorogoro na kusema "mh!" na kupita. Sikuhitaji kununua. Nilikuwa napita tu kusikia bei. Sijui kama nitaweza kukueleza raha ile.

Mwaka huu yako matatu, makavu, nimeyang'ata mwenyewe punje kwa punje. Vijana wa Mama Nafula walipita Jumamosi na bei ya mavuno, ileile ya kila mtu. Tukiuza yote matatu unapata kitanda cha hosteli mpaka mwisho wa muhula. Serikali inakulipia masomo, tumshukuru Mungu, lakini kulala na kula ni juu yetu, na muhula wa pili ungekuja na mkono mtupu. Mimi ningekuwa nimesimama kwenye kibanda tena na mkebe wangu, na wewe ungekuwa Tororo unanipigia simu. Sikutaka kununua hosteli ya miezi michache kwa njaa ya sisi wote. Ndiyo maana nikasema hayauzwi, na nilikuwa nimechoka, nikalisema vibaya, kwa neno moja, kama mtu anayefukuza mbuzi.

Lile la kwamba nayapenda mahindi kuliko wewe liliniumiza. Nilikwenda jikoni uani nikalia. Baba yako aliporudi akaniuliza nini, nikamwambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa. Akalitazama jiko, akasema, "Kweli, moshi mwingi leo," akakaa kando yangu. Ndiye mwanamume niliyeolewa naye, na sijutii.

Lakini nilipokwisha kulia nikafikiri juu yako kwa shangazi, maana najua kinachokutia hofu. Si kitanda. Mimi nilikwisha kukaa kwa watu.

Nilikuwa na umri kama wako nilipopelekwa Mbale kwa mjomba wangu kujifunza ushonaji. Nilifika na mfuko wa nguo na salamu. Hawakunitesa, nisiwasingizie. Walinipa mahali pa kulala na sahani kama ya watoto wao. Lakini kila nilipotaka kipande cha pili cha muhogo nilimtazama kwanza mke wa mjomba usoni. Hakuwa akisema neno. Pengine alikuwa anawaza mambo yake, au jino linamuuma. Mimi nilikuwa nausoma uso ule asubuhi, mchana na jioni, nikaacha kula kipande cha pili, halafu nikaanza kuchelewa kurudi ili nikute wamekwisha kula. Kabla sijamaliza kujifunza nikarudi Busia. Niliwaambia watu kazi ya cherehani ni ngumu. Haikuwa ngumu, Shamimu, nilikuwa naiweza kuliko wote pale. Nilichoka kula chakula ambacho sikukileta.

Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako anajua tu kwamba cherehani ilinishinda. Ningevumilia, huenda leo ningekuwa na duka la nguo. Nisingekuwa na madereva wangu wa mandazi, lakini ningewasamehe.

Kwa hiyo nimeamua, na baba yako nimemwambia juzi. Gunia moja linakwenda na wewe. Si hosteli, najua. Utalala chumba kimoja na watoto wa shangazi, na yule mdogo anapiga mateke usingizini, jiandae. Lakini utaingia mlangoni na gunia zima, chakula cha nyumba nzima kwa miezi. Ukitaka ugali zaidi, pakua. Usimtazame mtu usoni. Na ile pesa kidogo ya baba yako haitaishia kwenye unga, itakuwa ya kalamu na nauli, na siku moja moja ya soda. Usirudi kabla hujamaliza, mwanangu. Ndilo ninaloliomba, na nimelifunga ndani ya gunia kwa sababu mdomoni nalisema vibaya.

Umerudi. Nimezisukuma karatasi chini ya sinia, umeziona, ukajifanya hujaziona. Ahsante.

Ilikuwa hivi, nikuandikie ili usije ukasimulia vingine. Umenikuta nimelivuta gunia katikati ya chumba, Sadiki nimemhamishia mkekani, nimelifungua mdomo nikague wadudu mara ya mwisho, nikijaribu kupitisha kipande cha ile leso ya siku ya pilau, nayo imekwisha chakaa, kwenye tundu la shazia, kinakataa. Umesimama na begi la ndizi za bibi yako.

"Mama, umekubali kuuza?"

"Hapana. Hii inakwenda Tororo."

"Tororo kwa nani?"

"Kwa wewe. Uende ule chakula yako."

Umeweka ndizi chini. Umelitazama gunia, ukanitazama. Halafu umeninyang'anya sindano.

"Lete. Macho yako iko mbaya."

Basi haya ya mwisho naandika wewe ukiwa pale chini, umenipa mgongo, unashona. Nimekwambia naandika orodha ya vitu vya duka, ukasema orodha gani hiyo ya kurasa zote hizo. Sasa hivi umeuliza bila kugeuka, "Shangazi iko na pahali ya juu ya kuweka, panya isiingie?" Umesikia unavyoongea? Umeanza kulilinda tayari.

Kisha ukasema, "Mama, ile maneno ya Jumapili..."

Nikakwambia shona. Samahani kwa kukukatiza. Nilikuwa nimeshayasikia yote kwenye ule mgongo wako, na kama ungeendelea, moshi ungeanza tena humu ndani.

Baba yako naye amerudi, amekaa mlangoni anajifuta vumbi la saruji na kukusimamia kazi. Amesema na dereva mmoja anayekwenda Tororo asubuhi, atalishusha gunia mlangoni kwa shangazi. Kulipakia atalipakia yeye mwenyewe, hataki mpakizi mwingine aliguse. Amebeba mizigo ya watu maisha yake yote, na hili la kwake atalibeba bure. Amelirudia neno hilo, bure, kila saa tangu juzi, akitabasamu peke yake. Nadhani ndiyo siku yake ya pilau.

Umemaliza. Mishono mitatu, fundo, sawasawa nilivyokufundisha, ila la mwisho kabisa umelifunga kama kamba ya kiatu, na masikio mawili. Umedhani sioni kwa macho yangu mabaya. Nimeona.

Humu ndani ya barua utakuta kipande cha leso ya harusi, kile alichonirudishia Mama Nafula. Ndicho cha mwisho. Gunia likiisha usilitupe, wala usimwachie shangazi, atalifanya zulia. Likung'ute, likunje na kipande hiki ndani yake, ulete mwezi wa kumi na mbili. Tutakuwa tunavuna yale machache ya vuli, na nitakuwa nahitaji mtu wa kushika mdomo.

Mama yako,
Hadija